Kumwombea Mama Pambio kwa Mbali

Watu wa ushirika wetu wanawapenda sana wagonjwa, mradi wawe mbali. Mgonjwa akilazwa mji mwingine utaona wanavyolia, na sauti za kuombea zinavyopanda. Akiumwa nyumba ya pili, kila mtu ana safari. Nayasema haya nikiwa mwanachama, tena wa kiti cha mbele, kwa hiyo asije mtu akaniambia nasengenya. Yote niliyonayo nimeshawaambia usoni, na hawajanisamehe mpaka leo.

Mimi ni msusi. Chumba changu cha kazi kina viti vitatu, kioo kimoja chenye ufa pembeni, na feni inayozunguka ikijisikia. Mtu akija kusukwa anakaa nusu siku, na kwenye hiyo nusu siku atatoa yote aliyonayo tumboni. Ndiyo maana najua mambo ya watu bila kuuliza. Na ndiyo maana Mama Mwenyekiti wa ushirika wetu hasuki kwangu. Anasuka mtaa wa tatu, kwa mtu asiyemjua.

Huyu Mama Mwenyekiti ni mtu mwenye upole uliopigwa pasi. Akikukuta njiani anakushika mikono yote miwili, anakuinamishia kichwa na kukuuliza, "Unaendeleaje rohoni, mpendwa?" Ukifungua mdomo kumjibu, keshafika kwa mwingine. Sebuleni kwake ametundika vitambaa vya maneno ya upendo ukuta mzima, na makochi yake yana nailoni hadi leo ili tusiyachafue tukija kusali. Ukikaa unateleza. Nimewahi kuteleza katikati ya sala ya toba nikatua chini, na hakuna aliyefumbua macho kunisaidia, kwa vile walikuwa rohoni.

Sasa Mama Pambio. Huyu ni mke wa Fundi Bomba, na jina hilo alipewa kwa sababu kwa miaka yote hakuna kikao kilichopooza yeye akiwepo. Alikuwa anaanzisha pambio kabla mwenye zamu hajapata kitabu. Alifundisha watoto wa kanisa zima, wakiwemo wa Mama Mwenyekiti. Mimi nilipojifungua sina mume wala shangazi wa karibu, wengine wa ushirika waliniletea nasaha. Yeye aliniletea beseni. Alikaa kwangu, akaosha nepi, akanikanda mgongo, hakuondoka mpaka kitovu cha mtoto kilipodondoka. Hakunihubiria hata neno moja. Nikimuuliza mbona hanisemi kama wenzake, anacheka, anasema, "Kwani wewe hujui ulichokifanya?"

Huyo ndiye aliyeanza kusahau. Mwanzo ilikuwa vitu vidogo, sufuria kuachwa motoni, viatu kuwekwa kwenye ndoo ya maji. Baadaye akaanza kumtafuta mama yake, ambaye alishazikwa zamani. Daktari akasema ni ugonjwa wa ubongo, hauna dawa ya kuuondoa, anachohitaji ni mtu wa kuwa naye. Fundi akatuletea hayo maelezo kwenye ushirika kwa sentensi moja na nusu, maana Fundi si mtu wa maneno. Ukimuuliza bomba lako lina nini, hakujibu, anakuonyesha.

Na sisi watu wa upendo tukafanya nini? Jumapili moja Mama Pambio alisimama katikati ya mahubiri akaanzisha wimbo wa watoto, na akaja mhudumu wa mlangoni kumwambia Fundi kwa upole wakae viti vya nyuma. Huko nyuma akamvua kofia mzee mmoja. Wakaambiwa wakae nje, kwenye kivuli, spika itawafikia. Mwisho Mama Mwenyekiti akamshika Fundi mikono yote miwili: "Baba, mpumzishe mama nyumbani kwanza. Anachoka." Aliyechoka nani? Mama Pambio alikuwa anacheka.

Basi akapumzishwa. Fundi kila siku anatoka kwenda kuzibua masinki ya watu, na mkewe hawezi kuachwa mlango wazi, kwa kuwa anatembea. Akiona mlango wazi anatoka kwenda kwa mama yake, na huko kwa mama yake ni barabara kuu yenye malori. Fundi akawa anamfungia. Anamwachia chakula mezani, anapiga kufuli, anakwenda kazini roho mkononi. Usidhani watu walikuwa hawajui. Mama Mwenyekiti mwenyewe alimwita akatengeneze koki ya jikoni, akamsimamia hadi mwisho, kisha akamwambia si vizuri kumwacha mama peke yake. Fundi akakusanya spana zake akaondoka. Mimi ningemfungulia maji yakajaa nyumba.

Habari zikamfikia kaka yake Mama Pambio, anayeishi mbali, mwenye mashine ya kusaga. Akapiga simu. Alisema, na Fundi alinisimulia maneno yote bila kupunguza, kwamba dada yake si mbuzi wa kufungiwa. Atakuja, siku asiyoitaja, na akimkuta peke yake anaondoka naye. Kwake kuna chumba cha uani na binti wa kumwangalia. Kaka mtu si mtu mbaya. Angekuwa mbaya, ningepata wa kumchukia kwa raha.

Lakini elewa hapo kuna nini. Mama Pambio alikuwa ameshasahau watu wote. Mimi ananiita "wewe mtoto", na watoto wa darasa lake anawapita kama nguzo za umeme. Mtu aliyebaki kichwani mwake ni mmoja tu, Fundi. Akimsikia anakohoa nje anasimama, anarekebisha nguo, anasema, "Huyo amekuja." Umpeleke kwenye chumba cha uani, mji ambao hamjui hata mtu mmoja, umkabidhi kwa binti wa kazi. Si ndiyo umemzika akiwa anapumua? Na Fundi hawezi kumfuata aishi huko, ukweni, bila kazi, kwa umri ule.

Nikaipeleka habari hiyo kwenye kikao. Wote walisikitika, wakatikisa vichwa kwa pamoja. Mama Mwenyekiti akafuta jicho lililokuwa kavu, akasimama, akasema Bwana amemwonyesha jambo. Tuanzishe mnyororo wa maombi. Siku nzima igawanywe, kila mtu achukue saa yake, apige magoti nyumbani kwake, akimaliza ampigie anayefuata. Isipite hata dakika moja bila mtu kumwombea Mama Pambio.

Watu wakasema amina kwa nguvu, wakaanza kugombania saa. Huyu anataka asubuhi, yule anasema mchana ndiyo anapata nafasi, watoto wakiwa shule. Watu hawahawa niliokuwa nimewapitia mmoja mmoja wiki ile ile kuomba wakakae naye, kila mmoja akaniambia hana hata muda wa kumeza mate.

Nikasimama. "Jamani, nauliza tu. Kila mtu ana saa yake?"

"Amina," wakajibu.

"Basi kila mtu saa yake akaipigie magoti kwa Fundi, sebuleni. Mungu atasikia kutoka kule vilevile, na Mama Pambio atakuwa na mtu."

Nailoni ya makochi ikalia, watu wanajigeuza. Karani wa mahakama, anayejiita mtu wa imani nzito, akasema maombi ni jambo la sirini. Mke wa mwenye duka la dawa akasema tutamsumbua mgonjwa. Mwingine akasema yeye ana mzio wa vumbi. Mama Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyekojoa hadharani.

"Mpendwa," akasema, "Mungu hafungwi na mahali."

"Mungu hafungwi," nikamwambia. "Mama Pambio anafungwa. Kwa kufuli, tena kwa nje."

Mchungaji wetu, kijana mwenye nia njema na shingo nyembamba, akaona aibu. Akasema huenda dada msusi ana hoja. Hapo ndipo fundi viatu wa sokoni, mzee mwenye mguu mmoja mfupi ambaye kwenye ushirika huwa anakaa mlangoni na hakuna anayemuuliza maoni, akasema Ijumaa atakwenda yeye na kiti chake na kiatu chake cha kushona. Mimi nikasema Jumatatu mpaka Jumatano nitahamishia kazi kwa Fundi. Jumamosi na Jumapili Fundi mwenyewe yupo. Ikabaki Alhamisi, siku ninayompeleka mama yangu hospitali kwa mazoezi ya mguu, na siyo siku ninayoweza kuihamisha. Macho yakaanza kutafuta mahali pa kutua. Mchungaji akamtazama Mama Mwenyekiti, na Mama Mwenyekiti akaona ametazamwa.

"Alhamisi niachieni mimi," akasema, na watu wakapiga makofi. Waliobaki wakaendelea na mnyororo wao, kila mtu magotini kwake.

Nikahama na vitana, nywele za bandia na viti viwili. Wateja walinuna siku ya kwanza. Huku mbali, huku hakuna kioo kikubwa, na huyu bibi mbona ananishika masikio? Siku ya pili wakaja na watoto wao. Kufika wiki ya pili, sebule ya Fundi ilikuwa na watu kuliko saluni yangu ilivyowahi kuwa. Mama Pambio anakaa katikati, nampa nywele za kuchambua, anachambua, anazivuruga, anachambua tena. Akitaka kwenda kwa mama yake, mteja ambaye hajaanza kusukwa anamshika mkono wanazunguka nyumba mpaka asahau, wanarudi. Yule dada wa baa ya kona, ambaye Mama Mwenyekiti akimwona huvuka barabara, ndiye aliyekuwa anamwogesha. Alikunja mikono ya gauni tu akaingia naye bafuni, na nikawasikia wanacheka humo ndani. Mteja mwingine hajawahi kukanyaga kanisani, wala hana mpango. Alikuja kusuka, akarudi kesho yake hana cha kusuka.

"Nimekuja kukaa," akasema.

Nikamwambia akae. Fundi akirudi anasimama mlangoni na boksi lake la vifaa, anatutazama. Siku moja alituletea soda. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Na Alhamisi? Alhamisi ya kwanza Mama Mwenyekiti alikuja, amevaa vizuri. Alikaa, akasoma kwa sauti, Mama Pambio akamnyang'anya miwani akaitia kwenye chai. Alhamisi ya pili alichelewa, Fundi akakosa kazi ya nusu siku. Ya tatu ndiyo ninayotaka kuisema.

Asubuhi ile shule ya bweni ilimpigia Fundi, vyoo vya mabweni vimefurika, watoto wanakanyaga uchafu. Fundi akampigia Mama Mwenyekiti. Akajibiwa, "Niko njiani, baba, we nenda tu, ufunguo uache kwa jirani." Fundi akamwamini. Nasema akamwamini, kwa sababu neno la mtu wa kanisa kwake lilikuwa neno. Akafunga, akampa jirani ufunguo, akaenda kuzibua vyoo.

Mama Mwenyekiti hakuwa njiani. Alikuwa sebuleni kwake, amepiga magoti. Alikuja kulieleza mwenyewe baadaye kwa macho makavu kabisa: alipokuwa anajiandaa kutoka alisikia msukumo wa kuanza na maombi, akaona kumbe saa yake ya mnyororo ndiyo hiyo, akazama. Alipoibuka, jua lilikuwa limeshapanda.

Kaka mtu alifika kwa gari la kukodi. Alikuta kufuli. Dada yake alikuwa dirishani, ameshika nondo, gauni la kulalia limelowa, anamwita mama yake. Amesimama hapo muda gani hajui mtu. Jirani akatoa ufunguo, akisema kulikuwa na mtu anakuja. Kaka mtu akauliza, "Yuko wapi?" Jirani akatazama barabara. Kaka mtu akambadilisha dada yake nguo, akatia nguo nyingine kwenye mifuko miwili, akampakia. Jirani anasema Mama Pambio alipanda gari bila ubishi. Alifikiri anapelekwa kwa mama yake.

Niliporudi kutoka hospitali nilimkuta Fundi amekaa kitandani, buti zina uchafu wa vyoo vya shule, na yeye ni mtu ambaye haingii na buti ndani. Nikakaa pembeni yake. Nilikuwa na matusi ya kutosha kumfikia kila mmoja wa ushirika na chenji ikabaki, lakini siku hiyo nililia tu. Yeye hakulia. Aliuliza mara moja tu, "Atajuaje nikikohoa?"

Jumapili baada ya ibada, wakaja. Ooh, walikuja bwana. Walikuja na viti vya kukodi, na chupa za chai, na ngoma. Yule wa mzio wa vumbi alikuja. Karani wa sirini alikuja akakaa mbele. Sebule ikajaa, watu wakakaa hadi varandani, wengine wakasimama kwenye korido ya kuingilia jikoni. Mgonjwa hayupo, hakuna wa kumvua mtu kofia, hakuna wa kuogeshwa, sasa nyumba ikawa inafaa kutembelewa. Waliimba vizuri. Hilo siwanyimi, kuimba wanajua.

Mama Mwenyekiti akasimama kutoa neno. Akasema kuhusu Alhamisi kile alichosema, msukumo na kuzama. Halafu akasema, na naapa sikuongeza chumvi, kwamba tusihuzunike, maana mnyororo wetu haukuwa bure. Tuliomba dada yetu asikae peke yake, na Bwana amemfungulia mlango. Amepata mahali, amepata binti wa kumwangalia. "Maombi yamejibiwa, wapendwa." Watu wakasema amina. Haikuwa kubwa sana, lakini waliisema.

Nilishaanza kuinuka. Fundi viatu akanivuta gauni, nikakaa, kwa sababu Fundi Bomba mwenyewe alikuwa amesimama. Alisimama pale kati ya viti vya kukodi, akaanza kututazama. Alianzia walio mbele, akaja katikati, akageuza shingo mpaka varandani, akarudi kwenye korido. Alitutazama mmoja mmoja bila haraka, kama anatafuta bomba linakovujia.

"Kumbe mko wengi hivi," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ningemwelewa akisema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuwa hajui, na sasa amejua. Nilimwona mke wa mwenye duka la dawa akiweka kikombe chini ya kiti taratibu.

"Kesho nakwenda kumfuata mke wangu," akasema. "Shemeji nimeongea naye. Amesema nimrudishie jina la mtu kwa kila siku, watu anaoweza kuwapigia simu, na yeye atawapigia kweli. Wa Jumatatu mpaka Jumatano anaye, na wa Ijumaa anaye. Alhamisi hana."

Mama Mwenyekiti akafanya haraka. "Ni jambo zito, baba. Tufumbe macho kwanza, tulipeleke mbele za Bwana."

Vichwa vikainama palepale, kwa mazoea. Macho yalikuwa yameshafumbwa, wengine mikono wameshaikunja.

"Msifumbe," Fundi akasema. "Leo niangalieni."

Wakafumbua. Sijawahi kuona watu wazima wanateseka hivyo kwa kutazamana tu. Dari haikuwa na kitu cha kuangalia na walio mbele hawakuwa na mgongo wa mtu wa kujifichia. Mchungaji akasema atakuja yeye akikosekana mtu, na Fundi akamwambia ahsante lakini Alhamisi Mchungaji huwa na mazishi, na hilo ni kweli. Tukasubiri. Nje mtoto wa mtu alikuwa anapiga mpira ukutani na hakuna aliyekwenda kumkataza. Mimi nilikuwa nimeshapanga ni nani nitamtaja kwa jina na nitaanzia wapi.

Mama Mwenyekiti alikuwa bado amesimama. Ule upole wote umemtoka usoni, akabaki mwanamke wa makamo aliyechoka. Akatazama kanda za viatu vyake.

"Naogopa," akasema. Sauti yake hata sikuijua. "Alinifundishia wanangu. Alinisimamia harusi. Nikikaa naye ananiuliza mimi ni nani, nashindwa kupumua. Nikipiga magoti kwangu angalau hanioni."

Hakuna aliyesema amina. Nilikuwa na majibu, nilikuwa nayo mengi, na mengine yalikuwa mazuri sana. Fundi hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia yeye tu, anamsubiri, kama anavyosubiri maji yashuke kwenye sinki.

"Nirudishie Alhamisi," Mama Mwenyekiti akasema.

Fundi akafikiria. Alifikiria kwa muda mrefu hadi nikadhani atakataa, na kusema kweli nilikuwa naomba akatae.

"Uje na viatu vya chini," akamwambia. "Anatembea sana."